Msumari wa Wiki ya Kumi na Moja

Wifi yangu ni mpiga pasi. Nalisema mapema kwa sababu watu wakimwona wanadhani ni mwalimu mstaafu, kwa ule upole wake na ile miwani inayoning'inia kwa uzi shingoni. Ni mpiga pasi wa hospitali, huu mwaka wa ishirini na nne, na kama umewahi kulazwa pale kwetu ukalalia shuka lisilo na mkunjo, basi ulilalia kazi yake na hukujua hata kumshukuru.

Mimi ni mshonaji wa palepale. Shuka likichanika linaletwa kwangu, nalitia kiraka, linarudi kwake. Yeye ni mke wa marehemu kaka yangu. Nilihamia kwake nyumba yangu ilipokuwa inavuja, nikasema nakaa wiki mbili tu mpaka fundi amalize. Huu ni mwaka wa saba. Fundi alishamaliza, tena alishafariki, masikini, na mimi bado nipo, na chumba ninacholala ndicho chenye dirisha kubwa. Yeye alinipisha siku ile ya kwanza, akasema mgeni alale penye hewa. Hajaniuliza hata mara moja nitaondoka lini. Ndivyo alivyo, na kusema kweli tabia hiyo inanipandisha hasira.

Chumba cha pasi hakina dirisha linalofunguka. Pasi yenyewe ni roli ndefu, upana wa kitanda cha watu wawili, inazunguka na moto wake tangu saa moja asubuhi. Wawili wanaingiza shuka bichi upande huu, wawili wanalipokea upande wa pili likiwa kavu na linachoma. Wifi yuko upande wa kupokea. Vidole vyake vimeungua mara nyingi hata alama zimefutika. Mwaka juzi waliletwa wataalamu na mashine ya kugusa kidole ukifika kazini. Wote tuligusa ikatutambua, yeye aligusa ikasema hayupo. Aligusa vidole vyote kumi. Hayupo! Mtu ambaye hajakosa kazi hata siku aliyokuwa na homa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka, lakini nilimwona baadaye amesimama peke yake anaviangalia vile vidole.

Sasa lazima nikueleze habari ya ubao, maana bila ubao mengine yote hutayaelewa.

Ubao umetundikwa nje ya mlango wa msimamizi wetu, ambaye tunamwita Bwana Wanga. Si wanga wale wa kuruka na ungo, ingawa na hilo siwezi kuliapia. Ni wanga wa kukazia nguo, kwa jinsi alivyokaza shingo na kola yake. Ubao una misumari hamsini na miwili, wiki za mwaka mzima. Likizo zetu nyingine Bwana Wanga anazigawa apendavyo, siku mbili hapa, tatu pale, hata hujui ulipumzika lini. Lakini wiki moja kwa mwaka unajichagulia mwenyewe. Kila mtu ana kibao chake kidogo chenye tundu na alama. Cha wifi kimechorwa pasi, changu sindano. Unakitundika kwenye msumari wa wiki uitakayo, na ukishatundika hakuna mwingine wa kuondoka wiki hiyo.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno letu, ambalo nje ya geti la hospitali halina maana kwa mtu: kuachia msumari. Mtu ana harusi, ana mgonjwa, ana mtoto anayeanza shule, na wiki anayoitaka ina kibao cha mwenzake. Basi anamfuata mwenye kibao, anainamisha kichwa, anasema, "Dada, niachie msumari." Ukikubali unang'oa chako unakwenda kukitundika palipobaki, kama pamebaki. Ukikataa watu watakununia siku tatu, kisha yataisha. Mimi nakataa. Nina sifa ya kukataa. Mtu hajafungua mdomo, mimi nimeshatikisa kichwa.

Wifi hajawahi. Kila mwaka anatundika wiki ya kumi na moja, na kila mwaka anaiachia. Anahamia wiki ya arobaini, akifika arobaini anaiachia pia, mwaka unakwisha. Kati ya miaka ishirini na minne ameipata wiki yake mara tatu tu. Ya kwanza alimuuguza mama yangu mpaka mwisho wake. Ya pili aliniuguza mimi nilipopasuliwa tumbo. Ya tatu alimzika kaka.

Na kwa nini ya kumi na moja? Kwa sababu ndiyo wiki aliyoolewa. Fungate ni siku saba, kila mtu anajua. Yeye alipata mbili. Asubuhi ya siku ya tatu mama yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na bibi harusi akavua vya harusi, akajifunga kitambaa kiunoni, akashika ndoo. Kaka alimwambia mbele yangu, "Zile tano zilizobaki nitakulipa, tutakwenda mahali, tutalala tu." Kaka yangu alikuwa mzuri wa ahadi, Mungu amrehemu.

Basi siku moja mwaka huu wifi akaja chumbani kwangu kwa ushonaji katikati ya kazi, kitu ambacho hafanyi, mashavu yanawaka kwa mvuke.

"Wifi," akaninong'oneza, "kuna watu wanauza misumari."

"Misumari ya nini tena? Nyumba imepata nini?"

"Ya wiki, mwenzangu. Misumari ya wiki!"

Nikazima cherehani. Kumbe alipokuwa dukani ananunua sabuni alijaziwa karatasi ya bahati nasibu, sasa amepigiwa simu: hongera mama, umechaguliwa. Kuna kampuni ina nyumba za mapumziko kando ya ziwa. Nyumba moja inauzwa kwa watu hamsini na wawili, kila mtu wiki yake. Ukinunua wiki, ni yako kila mwaka, mpaka kufa, na ukifa wanarithi watoto. Afike Jumamosi, waje wawili, wasikilize saa moja na nusu, wapewe na birika la umeme.

"Nimeuliza kama ya kumi na moja ipo," akasema. "Ipo."

Nikamwangalia. Sijawahi kumwona mtu wa miaka hamsini na sita ana uso wa namna ile, uso wa mtu aliyeitwa jina lake. Na mimi, kwa domo langu hili, nikaurarua palepale. Nikamkumbusha mfamasia wetu. Mfamasia alinunua wiki kama hizo, ati kwa bei ya ofa. Nauli juu yake, chakula juu yake, na kila mwaka analipa ada ya matunzo, aende asiende. Ada imepanda kila mwaka na haijawahi kushuka hata kwa bahati mbaya. Amejaribu kuiuza wiki ile, haina mnunuzi. Siku hizi anaigawa bure, na watu wakimwona anakuja kwenye korido wanajifanya wana haraka.

"Mfamasia hana shida ya kupumzika," wifi akasema. "Yeye ana kiti."

"Na hela utatoa wapi?"

Akaanza kuifuta miwani yake, ndipo nikajua. Alikuwa na akiba yake kwenye chama cha wafanyakazi, aliyoiweka kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza, ya kumtunza akistaafu miaka minne ijayo. Malipo ya mwanzo yangeimeza yote.

"Hiyo ni akiba ya uzee!" nikafoka.

"Na huo uzee nitaufanyia nini," akasema taratibu, "kama nitaingia nao nimechoka hivi?"

Nikawasha cherehani.

Jumamosi tukaenda. Nilikwenda kwa nia moja tu, kumshika mkono asisaini. Ghorofa ya nne, ngazi, maana lifti ilikuwa na karatasi ya kuomba radhi. Ukumbi una meza za duara na kila meza ina jozi ya watu waliovaa nguo zao za kutokea, na muziki laini, na kila dakika kumi mtu anapiga makofi huko mbele kwamba familia nyingine imejiunga. Tukapewa juisi iliyochanganywa na maji mengi. Nikamwambia wifi, kampuni yenyewe ina mkono wa birika, ndiyo maana zawadi yao ni birika. Hakucheka. Alikuwa ameshaanza kusoma.

Muuzaji wetu alikuwa mtu mzima, wa umri wetu, suti nzuri lakini viatu vimeliwa kisigino upande mmoja. Kila sentensi alianza na karibu. Karibu mkae, karibu mwone, karibu kwenye maisha mapya. Nikampa jina la Bwana Karibu hapohapo. Akamuuliza wifi, "Mama yangu, mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini?"

Wanauliza wote swali hilo, naamini wamefundishwa. Unajibu mwaka jana, wanasema ah, mwaka mzima! Wifi alilichukua kama swali la kweli. Akavaa miwani, akafikiri. Akafikiri mpaka Bwana Karibu akaanza kuipangapanga kalamu yake.

"Zilikuwa mbili," akasema mwishowe. "Siku mbili."

"Mwezi huu?"

"Hapana, baba. Nilipoolewa."

Yule bwana akaifunga kalamu yake. Akatuinua kutupeleka kwenye chumba cha mfano.

Chumba cha mfano kilikuwa nyuma ya pazia, kimejengwa kwa mbao ndani ya ukumbi uleule. Kitanda kipana, taa mbili, kabati lisilofunguka. Na dirisha! Dirisha lilikuwa picha. Ziwa, mlima, mawingu, yote karatasi, na mwanga wa balbu nyuma yake. Nikabonyeza mlima kwa kidole, ukabonyea. Bwana Karibu akasema la huko ni la kweli. Nikamuuliza, "Wewe umelala huko?" Akatazama viatu vyake akasema bado, majukumu.

Wifi hakuwa na habari na ziwa wala mlima. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akalishika shuka pembeni, akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga.

"Hili limepigwa pasi upande wa kuonekana tu," akasema.

"Mama?"

"Huku chini hawakugusa. Mtu akilala atajua." Akalirudisha, akalinyoosha kwa kiganja mpaka likatulia. Hakusema kwa ubaya. Mikono yake huwa inafanya hivyo hata kwenye nyumba za watu.

Nikadhani hapo tumemaliza. Nikamkonyeza: umeona, wajanja hawa, twende zetu. Wapi! Tuliporudi mezani akaomba karatasi. Nikasema kila nilichonacho, sauti ikapanda mpaka meza ya jirani wakageuka. Nikasema ada. Nikasema nauli. Nikasema unapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na wewe unajipinda wakufikie vizuri. Nikamtaja kaka, jambo ambalo si la haki. Yeye akasubiri nimalize, kisha akaniambia kitu ambacho nimekibeba mpaka leo.

"Wifi, mimi sinunui ziwa. Nikipewa chumba kisicho na dirisha nitalala vilevile. Mimi nataka wiki ambayo ni yangu kwa karatasi na mhuri, ili mtu akija niwe na cha kumwonyesha. Mdomo wangu hauwezi kusema hapana. Karatasi itasema."

Na hapa nikiri, maana nimeanza kusema ukweli: wakati anaongea vile, mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Binti yangu anajifungua karibuni. Nilishawaza kwamba wifi akinunua basi, na iwe, mwaka wa kwanza aende yeye, wa pili nitamwomba nimpeleke binti yangu kando ya ziwa apumzike na mtoto. Nilikuwa nampinga asinunue, na moyoni nilikuwa nimeshaomba msumari. Jamani, mtu anaweza kujichukia mchana kweupe, amekaa kitako, ana juisi mkononi.

Wifi akaishika kalamu. Kabla ya kusaini akainua uso.

"Baba, nina swali moja. Mtu akiniomba nimwachie msumari?"

Bwana Karibu akanitazama. Nikamtafsiria: anauliza, mtu akimwomba hiyo wiki, itakuwaje?

Uso wa yule bwana ukafunguka. Hatimaye swali analolijua! "Usiwe na wasiwasi kabisa, mama yangu! Ndiyo uzuri wa mpango wetu. Unaweza kumpa mtu yeyote: mtoto, jirani, mfanyakazi mwenzako. Simu moja tu, tunabadilisha jina. Unaweza kumwazima, kumzawadia, hata kubadilishana naye wiki. Hakuna fomu ya kusumbua. Familia nzima watakuombea dua!"

Wifi akasema polepole, "Simu moja tu."

"Dakika mbili!"

"Na siwezi kuifunga? Iandikwe kwamba ni mimi tu, hata nikiwapigia mwenyewe nikawaambia mpeni fulani, mkatae?"

Bwana Karibu akacheka kidogo akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. Akaenda kumwita bosi wake, mama mmoja mwenye bangili zinazolia. Bosi akaja na punguzo la bei mdomoni. Wifi akarudia swali lake. Bosi akasema, kwa nini ujifungie, mama, watu wote wanataka ya kugawa, watakushukuru maisha yao yote. Wifi akasema wamenishukuru sana tayari. Bosi akasema kwa utaratibu wa kampuni mwenye wiki ndiye mwenye uamuzi.

"Ndiyo shida," wifi akasema. "Mwenyewe ndiye mimi."

Akaiweka kalamu juu ya karatasi, sambamba na mstari, kama anavyoweka kila kitu.

"Basi ni msumari uleule," akaniambia. "Wa ghali."

Nilikuwa nimeshinda. Nilikuja kumzuia na amezuilika, akiba yake salama, nami sikusikia furaha hata ya kujaza kijiko. Alikuwa amekaa pale mabega yameshuka, na nikaona kwamba kilichomshikilia wima miaka yote ilikuwa ni kudhani kwamba iko siku wiki itapatikana mahali, ikiwa si bure basi kwa kununua. Sasa alikuwa ameulizia hadi bei, na haipo.

Bosi akaondoka na bangili zake. Bwana Karibu akatazama saa akasema kwa haya kwamba ili tupewe birika inabidi tutimize muda, zimebaki dakika arobaini.

"Naweza kuzikaa kule ndani?" wifi akauliza.

Akaenda nyuma ya pazia, akavua viatu, akavipanga, akajilaza juu ya shuka lile la upande mmoja akiutazama ule mlima wa karatasi. Hata dakika mbili hazikwisha, akauchapa usingizi. Bwana Karibu alisimama mlangoni hajui afanye nini. Familia nyingine ikaletwa kuangalia chumba. Nikajiweka mbele ya pazia, nikasema kuna mtu.

"Dada, ni chumba cha mfano," muuzaji wao akasema.

"Ndiyo. Na huo ndio mfano. Mtu amelala."

Wakarudi. Bwana Karibu akavuta kiti, akakaa kando yangu, akanyoosha miguu yake na viatu vile. Dakika arobaini zilipokwisha hakusema kitu, nami sikusema, tukamwachia nyingine ishirini.

Kwenye basi wifi alilipakata birika na kuangalia nje. Nilitaka kuomba radhi lakini sikujua nianzie mwaka gani.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya wote. Nilikuwa na nyundo ndani ya mkoba. Nikakichukua kibao chenye alama ya pasi, nikakiweka kwenye wiki ya kumi na moja, lakini sikukitundika. Nilikipigilia. Misumari minne, kila kona mmoja, mpaka vichwa vikazama kwenye mbao. Bwana Wanga alikuja mbio kola imemkaza.

"Nani kaharibu ubao wa serikali?"

"Mimi."

"Na mtu akitaka abadilishe?"

"Aje na koleo. Halafu anipitie kwanza mimi."

Alinitazama, akatazama nyundo, akaingia ofisini kwake. Wiki ile nzima watu walisimama mbele ya ubao wakikijaribu kile kibao kwa ukucha. Wifi mwenyewe alipokiona alikishika, akakivuta kidogo, hakikutoka. Alikwenda upande wake wa roli akavaa glavu zake zilizotoboka vidoleni.

Wiki ilipofika hatukwenda ziwani. Nilihamisha vitu vyangu kwenye chumba kidogo, nikamrudishia chumba chake chenye dirisha kubwa, miaka saba baadaye. Nilifua mashuka, nikayapiga pasi kwa mkono, pande zote mbili, nikaunguza mahali pamoja na kujiunguza mahali pawili. Simu yake nikaitia mfukoni mwangu, na viraka vya wiki ile nikaomba nivishonee nyumbani. Nikamwambia, "Ingia ulale. Ukitaka chai gonga ukuta."

"Na mtu akija?"

"Akija atanikuta."

Wakaja. Utadhani walitangaziwa. Siku ya kwanza mke wa mpwa wake, anataka wa kumshikia duka. Nikasema hayupo. Siku ya pili dobi mwenzetu akapiga simu, eti roli imekwama na ni wifi tu anayejua kuipapasa ikaenda. Nikasema ipapaseni wenyewe, hayupo. Akaja jirani, akapiga binamu, akapiga Bwana Wanga kwa sauti laini ambayo sikujua anayo. Hayupo, hayupo, hayupo. Ile mashine ya vidole ilikuwa imesema kweli kumbe, ilitangulia tu.

Siku ya nne akaja binti yangu. Ana wiki tatu tangu ajifungue, macho mekundu, mtoto anamlilia begani.

"Mama, mkaza mjomba yuko wapi? Nataka nimwachie mtoto kidogo tu, nilale saa mbili. Yeye ndiye anayejua kumtuliza."

Huyu ni mwanangu wa kumzaa. Ningeweza kumwambia ingia, gonga. Wifi angefungua akiwa na tabasamu na mikono imenyooshwa.

"Mkaza mjomba wako amesafiri," nikasema.

"Kaenda wapi? Viatu vyake hivi hapa."

"Amesafiri, nimekwambia! Lete mtoto."

Nilimbeba mwenyewe. Nikaacha viraka vyangu, nikazunguka naye nyuma ya nyumba saa nne nzima ili kilio kisifike dirishani. Mgongo uliniuma hata nikatukana. Nilimfikiria wifi na ndoo yake siku ya tatu ya harusi, na mimi siku ile nilikuwa wapi. Nilikuwa nimelala.

Asubuhi ya siku ya tano nilimpelekea chai. Alikuwa macho, amelala chali, mikono nje ya shuka, vile vidole visivyo na alama vimetulia. Dirisha liko wazi. Nikaweka kikombe. Nilipogeuka akaniita.

"Wifi."

"Abee."

"Hakuna aliyeniulizia?"

Nikakisogeza kikombe. Niliapa asijue kitu.

"Hata mmoja?" akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Ala! Hilo sikulipanga. Nimemfungia watu nje ili apumzike, kumbe mwenzangu amelala humo anahesabu ukimya. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Saba," nikasema. "Wamekuja saba, na Bwana Wanga amepiga simu mara tatu. Roli imekwama. Nimewafukuza wote."

"Na binti yako?"

"Na binti yangu."

"Mtoto nilimsikia."

"Nilikuwa naye mimi."

Akanitazama mpaka nywele zilizonisimama. Kisha akavuta shuka, akalipapasa upindo upande wa ndani, akafika pale nilipounguza, akapita.

"Leo ni ya tano?"

"Ya tano."

"Basi kaka yako kanilipa," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. "Hizi mbili zinazobaki ni zangu mimi."

Akageukia ukutani. Simu ikaanza kuita mfukoni mwangu. Nikafunga mlango, nikatoka nayo nje.